Kabla Mzigo wa Kuni Haujafungwa

Nawaandikia wasomaji wa Dodoma mjini, wa Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa, pamoja na majirani zetu wa Manyoni na Singida. Nina ombi moja kwenu, nami nalisema mapema. Kiangazi hiki, kabla mvua za Desemba hazijafika, jifunzeni kuchonga mwiko kwa mkono. Uchongeni kwa tawi lililopogolewa, msikate mti kwa ajili yake. Na mwalimu wenu awe mzee wa karibu, babu au mjomba au jirani, ambaye mikono yake bado inaijua kazi hii.

Ufundi wa kuchonga vyombo vya jikoni kwetu haukukaa vitabuni, umekaa mikononi mwa watu. Ukiwauliza wazee wa Ugogo walijifunzia wapi, wengi watakujibu: machungani. Kijana alitoka asubuhi na ng'ombe, kiunoni ana kisu, begani ana kishoka, na mchana ng'ombe walipolala kivulini kucheua, aliketi na mkubwa wake akachonga. Alianza na fimbo, akaja kwenye kipekecho cha mlenda, akafika kwenye mwiko, na waliojaliwa mkono mwepesi wakaendelea hadi kwenye vinu, vigoda na mizinga ya nyuki. Cheti hakikuwapo. Alikuwapo mama nyumbani aliyeusonga ugali wa uwele kwa mwiko ule, na kama mpini ulikuwa mfupi au bapa limeelemea upande mmoja, alisema papo hapo.

Siku hizi watoto wako darasani, jambo ambalo nalifurahia kwa moyo wote. Lakini hatukuweka mahali pengine pa kurithishana kazi ile. Mzee anayeweza kulitazama tawi na kukuonyesha mwiko umelala upande gani, hana anayeketi karibu naye. Akiondoka anaondoka na vyote: jina la mti kwa Cigogo, dalili za mti utakaopasuka ukikauka, namna ya kulishika shoka karibu na kichwa chake ili lichonge badala ya kukata. Mambo hayo hayaelezeki vizuri kwa simu wala kwa karatasi. Yanataka mtu aketi pembeni, aone, ajaribu, asahihishwe.

Na wakati walimu wanapungua, matawi yanaongezeka. Tangu mwaka 2018, LEAD Foundation kwa kushirikiana na shirika la Justdiggit wamekuwa wakieneza Kisiki Hai katika vijiji vya Dodoma, na wengi wenu mnaifahamu kazi hiyo kwa macho na kwa mikono yenu. Kisiki kilichokatwa zamani, ambacho mizizi yake bado i hai, hutoa machipukizi mengi yanayosongamana. Mkulima huchagua machache yaliyonyooka na yenye nguvu, hupogolea yaliyobaki, hufunga alama ili wachungaji na majirani wajue mti huu unatunzwa, kisha huulinda. Njia ya namna hii ndiyo iliyorudisha miti katika mashamba ya Niger kuanzia miaka ya 1980, Tony Rinaudo alipofanya kazi na wakulima wa Maradi, na visiki vilivyokuwa vikifyekwa kila msimu vikaachwa vikue.

Yale yanayopogolewa huenda jikoni kuwa kuni. Sina neno juu ya hilo, kuni ni haja ya kila siku kwa nyumba nyingi. Ninachoomba ni kwamba kabla mzigo haujafungwa, mtu aupekue. Mengi ni membamba na yanatosha kipekecho au kijiko cha chumvi. Machache, hasa kisiki kinapopogolewa kwa mara ya pili na ya tatu, hufikia unene wa chupa ya maji ya lita moja. Tawi la unene huo, kama limenyooka na halina fundo kwa urefu wa kuanzia kwapani hadi vidoleni, liwekwe kando. Likichomwa linachemsha chai ya asubuhi moja, na likichongwa vizuri litasonga ugali kwa miaka.

Wakazi wa mjini nao wasiseme hawana visiki. Mipera na mizambarau ya uani hupunguzwa kila mwaka. TANESCO hupogoa matawi yanayogusa nyaya, na mara nyingi yanaachwa kando ya barabara siku kadhaa. Omba, chukua tawi, nenda nalo nyumbani lingali bichi.

Nasisitiza habari ya kutokata mti kwa sababu nchi hii imekwisha kulipa sana. Kondoa ilimomonyoka hadi mwaka 1973 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, tulioujua kwa jina la HADO, ukaanzishwa, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika eneo lililoharibika ili uoto urudi. Familia zilizoishi kwa ng'ombe zilibeba gharama hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilileta matrekta Kongwa kwa mpango mkubwa wa karanga. Vichaka vikafyekwa, mizizi ikavunja vyuma, ukame ukaja, udongo ukawa mgumu kama saruji, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Mizizi ile ilivyokuwa migumu kwa matrekta, ndivyo mizizi ya nchi hii ilivyo mivumilivu kwa mkulima anayeitunza leo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, na kwa mwaka wa kawaida haizidi sana milimita 600. Mti unaosimama hapa umefanya kazi kubwa kusimama. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo iko wazi kwamba mazao ya misitu ya hifadhi hayachukuliwi bila kibali, na vijiji vingi vina sheria ndogo zao. Kwa hiyo asiwepo mtu atakayeingia msituni na panga akisema gazeti lilimtuma akachonge mwiko.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana najua wako wasomaji ambao hawajawahi kushika kisu isipokuwa cha kumenyea vitunguu, nao hasa ndio ninaowaita.

Anza na mwiko bapa. Kijiko chenye shimo kinataka kisu kilichopinda, na upawa unataka mkono uliozoea. Mwiko unataka shoka dogo au panga lililonolewa, kisu kifupi chenye mpini unaojaa mkononi, na gogo la kuchongea lisiloyumba. Jiwe la kunolea ni la lazima kuliko vyote. Wanaoanza huogopa kisu kikali na kustarehe na kisu butu, na hapo ndipo vidole vinapoumia, kwa sababu kisu butu hulazimisha nguvu, na nguvu ikiteleza haina breki. Noa mpaka kisu kikate karatasi bila kuichana.

Chonga mti ukiwa mbichi. Wengi hudhani ubao mkavu ndio bora, kwa kuwa fundi seremala hutaka mbao zilizokauka. Kwa mwiko ni kinyume: mti mbichi ni laini, hukatika kwa utii, na kisu hakichoki. Ukiuacha wiki kadhaa katika upepo wa Dodoma wa Julai utakuwa mgumu, na huenda ukapasuka kabla hujaugusa.

Lipasue tawi, usilichane kwa msumeno. Weka shoka juu ya kichwa cha tawi, katikati, gonga kwa rungu, na litagawanyika likifuata nyuzi zake lenyewe. Hiyo ndiyo siri ya mwiko usiovunjika. Msumeno hauheshimu nyuzi, unakata popote, na mpini ambao nyuzi zake zimekatwa mshazari utavunjika siku ya ugali mgumu wa mtama, mbele ya wageni. Kila nusu uliyopata, ondoa kile kiini laini cha katikati. Kiini na mbao inayokizunguka havisinyai kwa kipimo kimoja wakati wa kukauka, na ufa huanzia hapo.

Kisha chora umbo kwa kipande cha mkaa. Ikiwa nyumbani kuna mwiko mnaoupenda, ulaze juu ya ubao na uufuate pembezoni. Ningependa kila anayeanza autazame kwanza mwiko wa zamani wa mama au bibi yake: ncha imelika upande mmoja kwa miaka ya kukwangua sufuria. Pale ulipolika ndipo unapofanya kazi. Mwiko mpya unaweza kupewa mwelekeo huo tangu mwanzo, na mpishi ataona tofauti siku ya kwanza.

Ondoa mbao ya ziada kwa shoka. Mkono ulioshika mti uwe juu, shoka lipige chini yake, karibu na gogo, na mapigo yawe mafupi. Usiharakishe hapa. Kisha keti, shika kisu, na jifunze jambo moja ambalo litakusaidia katika kila kitu utakachochonga maisha yako: kata kutoka palipo panene kwenda palipo pembamba, ukiteremka pamoja na nyuzi. Ukifika kwenye mkunjo ambapo bapa linakutana na mpini, nyuzi zitageuka na kisu kitaanza kuchimba na kuchana. Acha. Geuza mwiko, ingia kutoka upande wa pili. Anayeanza hushindana na nyuzi, na mzee hukaa kimya akisubiri aone kama utageuza mwenyewe. Kisu kisielekee pajani, wala kiganja kisikae mbele ya makali, na mtoto asichonge peke yake.

Unene wa bapa ndio unaowasumbua wengi. Wanaogopa kulivunja, wanaliacha nene, na mwiko unakuwa mzito wa kuchosha. Katikati pawe na nguvu, kingo ziwe nyembamba kiasi cha kupita chini ya ugali bila kuupasua. Mpini uwe mrefu wa kutosha kuuweka mkono mbali na mvuke, na uwe mviringo uliobanwa kidogo, ili usizunguke kiganjani unaposonga. Haya yote utayajua kwa kushika. Kila mara simama, shika mwiko kama unapika, zungusha mkono, kisha rudi kupunguza pale panapokusumbua.

Kuhusu mti wa kuchonga, chombo hiki kinaingia kwenye chakula, kwa hiyo hapa hatubahatishi. Mng'ong'o huchongeka vizuri na wazee wameutumia kwa vinu na mabakuli. Mkwaju ni mgumu lakini hudumu. Mpera na mchungwa wa uani ni rafiki wa mwanafunzi, kwa kuwa nyuzi zake zimeshikana na uso wake hutoka laini. Mkole hufaa kwa vipekecho na mipini myembamba. Mnyaa, ule tunaoupanda kuwa uzio, usiuguse hata kwa majaribio, kwani utomvu wake ni hatari kwa macho. Mti usioujua jina wala matumizi, uliza kwanza. Swali hilo peke yake, "huu tunaweza kuula nao?", litakufungulia mazungumzo marefu na mzee yeyote wa Mpwapwa au wa Kondoa, nawe utajua miti ya kwenu kuliko ulivyowahi kuijua.

Ukimaliza umbo, usiuanike mwiko juani. Uweke ndani ya kiroba pamoja na vibanzi vyake vibichi, uufunge, uweke mahali penye kivuli ndani ya nyumba, na kila siku uufungue kidogo upate hewa. Kiangazi chetu ni kikavu sana, na mwiko uliokauka haraka hupasuka hata kama umechongwa na bingwa. Ukishakuwa mkavu, pita tena na kisu kilichonolewa upya, kwa mikato myembamba sana, na utaona uso unaanza kung'aa wenyewe. Wanaopenda msasa watumie. Uloweshe, ukauke, usugue tena, kwa sababu maji huamsha vinyweleo vya mbao na ni afadhali viamke mikononi mwako kuliko ndani ya uji wa mtoto. Mwisho, upake mafuta ya alizeti. Mikoa ya Singida na Dodoma inasifika kwa zao hilo, kwa hiyo hatuna haja ya kununua mafuta ya mbao kutoka mbali. Pasha kidogo, paka, acha yanywewe usiku mzima, futa. Rudia mwiko unapoonekana mweupe na mkavu.

Mwiko wako wa kwanza hautakuwa mzuri wa kutazamwa. Utasonga ugali hata hivyo. Utumie, kwa sababu kwa kuutumia utaelewa wa pili uweje.

Zamani kuchonga kulihesabiwa kazi ya wanaume na kupika kazi ya wanawake. Mpaka huo sioni sababu ya kuuendeleza. Anayejua zaidi mwiko unavyopaswa kukaa mkononi ni yule anayeushika kila siku, na wasichana wetu wakishika kisu naamini tutaanza kuona miiko bora kuliko yote tuliyorithi.

Ninaamini pia kwamba kazi hii ina nafasi shuleni. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 tumekuwa tukisema mtoto ajifunze kwa mikono pia, na tangu Januari 2024 mkondo wa amali umeanza katika shule za sekondari. Karakana ni ghali, mashine ni ghali, na shule nyingi za vijijini zinasubiri. Kuchonga hakusubiri umeme. Finland iliingiza kazi za mikono kuwa lazima katika shule zake za msingi mwaka 1866, ikiwa nchi maskini ya wakulima, na ilianza na vitu vya nyumbani vya namna hii. Mwalimu anaweza kufundisha humo hesabu za vipimo, biolojia ya mti, jiografia ya mvua na udongo, na mzee wa kijiji akawa mgeni wa heshima darasani badala ya kualikwa tu siku ya mahafali.

Kwamba mambo ya Ugogo yanaweza kurithishwa, ushahidi tunao. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alitoka kijiji cha Doduma na kuzipeleka ala za ilimba na zeze hadi kumbi za dunia, na akawafundisha vijana wengi Bagamoyo katika chuo cha sanaa. Chamwino kuna kituo cha sanaa na tamasha ambapo vikundi vya vijiji hukutana kuimba na kucheza Cigogo, watoto wakiwa pamoja na wazee. Ilimba ni ubao uliochongwa, na zeze lina mpini uliochongwa. Mikono iliyotengeneza ala hizo na mikono iliyotengeneza miiko ilijifunza kwa shoka lilelile. Muziki tumeushika vizuri. Naomba jikoni napo tusipaache nyuma.

Kwenu mliohamia tangu serikali ilipoanza kuja Dodoma mwaka 2016, maofisa, walimu, askari, wanafunzi wa UDOM kule mlimani, wito huu ni wenu pia. Mkienda soko la Sabasaba au la Majengo na kumkuta anayeuza miiko ya kuchongwa, muulizeni ameichonga nani na wapi. Kama mchongaji ni yeye, au ni mzee wa kijijini kwake, mlipeni bei aliyotaja. Nyuma ya mwiko mmoja kuna mchana mzima wa kazi, na kumkata bei mchongaji kwa shilingi mia tano ni kumwambia mwanawe atafute kazi nyingine. Kisha ombeni nafasi ya kwenda kumwona akichonga. Wachongaji wengi hufurahi sana kuulizwa.

Viongozi wa mitaa na vijiji, nawaomba mtenge kivuli kimoja na Jumamosi moja kila mwezi wa kiangazi. Vinavyohitajika ni magogo machache ya kuchongea, mawe ya kunolea, kitambaa safi na dawa ya jeraha, na mzee au wazee wawili waliolipiwa nauli na chakula cha mchana, maana kuwaita bure kila mara ni kuwachosha. Mnaosimamia Kisiki Hai vijijini, siku ya kupogolea iwe ndiyo siku ya kuchagua matawi, na yaletwe hapo kivulini yakiwa mabichi. Wakuu wa shule, watumeni wanafunzi wakaandike majina ya wachongaji wa kata yenu, miti wanayoitumia na vyombo wanavyovijua, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwao, orodha ikae shuleni.

Nanyi wazee wetu, msichoke na vijana hawa. Watakuja na simu mkononi, watauliza maswali ambayo kwenu hayana maana, watakata upande usiotakiwa. Wavumilieni, na ikosoeni miiko yao bila kuwaonea haya, kama mama zenu walivyoikosoa yenu.

Msomaji wangu, mtafute mzee huyo wiki hii. Piga hodi jioni, msalimu, eleza shida yako, mkubaliane siku. Siku hiyo nenda na tawi bichi lililofungwa kwenye gunia lenye unyevu, nenda na kisu ulichokinolea nyumbani, na usiende mikono mitupu kwa mwenyeji wako. Mchukulie sukari na majani ya chai, na umpeleke mtoto wako pia.